Koplo Aliyeshona Cheo cha Jenerali

Kasigau,
Jumapili, baada ya kanisa.

Baba,

Ni miezi kumi sasa tangu tukulaze hapa chini ya mlima, na barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha. Mara ya kwanza niliandika "Baba mpendwa" nikaona hapana, huyo si wewe, hukuyapenda maneno ya kadi. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu kengele ya kipindi ilinikuta katikati ya sentensi, nikaikunja karatasi na kwenda darasani. Leo Mama amejilaza kidogo, nami nimekaa kwenye kiti chako karibu na cherehani. Nitaandika mpaka nimalize.

Habari za nyumbani kwanza, maana wewe ulianza nazo katika kila barua uliyotuletea kutoka kambini. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua akipanda kwenda kisimani. Mvua imetunyima. Barabara ya kutoka Maungu ni ileile. Wiki jana lori la saruji lilikwama siku mbili. Ndovu walikuja mahindi yalipoanza kubeba, wakala karibu yote, wakaangusha ua wa upande wa bonde, na walipoondoka walipita juu ya kaburi lako. Samahani, Baba. Nilipoambiwa kwa simu nilikuwa Voi, nasahihisha mitihani, na nilijihisi kama ni mimi niliyeacha mlango wazi. Cherehani haijaguswa na mtu ila Mama. Anaipaka mafuta kila Jumamosi, na wewe unajua hajui hata kutunga uzi kwenye sindano yake.

Lakini hayo siyo yaliyonikalisha hapa. Nakuandikia kwa sababu nimejua. Nimejua lilikokwenda tepe lako la tatu la cheo.

Nilikuwa na miaka kumi hivi uliponisimulia mara ya kwanza. Ulikuwa umeshastaafu jeshini, unashona sare za shule hapa barazani, na siku hiyo ulikuwa na kitambaa cha bluu ya giza cha sketi za wasichana. Ulichukua chaki ya fundi ukachora vyeo juu ya kitambaa cha watu, Mama akakugombeza, ukasema chaki inapanguswa. Ulisema mkoloni alipokuwa hapa, vyeo vya juu vilikuwa vya Waingereza, na juu ya beji kulikuwa na taji la Malkia. Wapiganaji wa msituni walikuwa na majenerali wao, na hata mafildimashali, cheo ambacho Kenya huru haijampa mtu, na hakuna fundi aliyewashonea chochote. Walivaa ngozi na wakatiiwa. Ulipenda sana sehemu hiyo. Kisha uhuru ukaja. Bendera, ukasema, ilibadilishwa siku moja, lakini mabega yalichukua muda. Mkenya wa kwanza kukabidhiwa jeshi alianza akiwa brigedia. Baadaye tukapata meja jenerali, baadaye luteni jenerali. Nchi ilikuwa ikipanda ngazi moja moja kama mtu asiyeamini kama ngazi zitambeba. Na kule juu kabisa, palipo na jenerali kamili, pakakaa patupu miaka mingi.

"Ndipo siku moja," ulisema, "oda ikaingia karakanani kwetu."

Nakumbuka ulivyoshusha sauti hapo. Karakana ya ushonaji, kambini Nairobi. Wewe ulikuwa sajini, msimamizi wa meza ya beji, kijana wa Kasigau aliyechukuliwa jeshini kwenye uwanja wa Voi kwa sababu ya mbio, kisha wakagundua kwamba mikono yake ilizoea sindano tangu utotoni, kwa kumsaidia mama yake kusuka vikapu. Oda ilisema beji za mabegani za jenerali kamili, jozi moja, ziwe tayari baada ya siku tatu. Na hapakuwa na sampuli. Hakuna fundi yeyote pale aliyewahi kukishona cheo hicho, kwa kuwa hapakuwa na Mkenya aliyewahi kukivaa. Mkapekua makabati mkapata beji moja kuukuu ya wakati wa Mwingereza, imeliwa na nondo. Ukaifumua taratibu uone ilivyojengwa ndani. Upanga na fimbo vilivyopishana ukaviacha palepale, nyota ukaiacha, na pale palipokuwa na taji ukashona nembo ya nchi, kwa uzi wa dhahabu ambao ukiuvuta kwa nguvu unakatika na ukiulegeza unavimba. Jozi ya kwanza iliharibika. Nembo iliinama upande. Jozi ya pili ilikubali.

"Siku alipoapishwa," uliniambia, "wenzangu waliangalia uso wake. Mimi niliangalia mabega."

Nilikuamini, Baba. Nilikuamini mpaka nilipoenda chuo kikuu.

Unaikumbuka ile tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho. Nilichagua historia ya cheo cha jenerali katika Kenya, na hata leo sijui kwa nini sikukubali mbele ya watu kwamba niliitoa kwenye chaki yako. Nilikaa wiki nyingi kwenye nyaraka. Niliwahoji maafisa wawili wastaafu, wakanipa chai na majina na tarehe. Wewe sikukuhoji. Nilikuja nayo nyumbani likizoni, imefungwa vizuri kwa jalada gumu, nikaiacha mezani ili uione. Uliisoma siku nne. Kiingereza chako kilikuwa cha kambini, ukaazima kamusi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ukawa unafuata mistari kwa kidole. Ulipomaliza ulikuja mpaka jikoni nilipokuwa naosha vyombo.

"Umeandika vizuri," ulisema. "Lakini humu mtu anakuwa jenerali kwa barua tu. Hakuna aliyemvisha."

Nami nikakujibu. Nimeyarudia maneno yangu mara nyingi mno miezi hii, nikiyatafutia maana nyingine, na hayana. Nilisema, "Baba, haya ni mambo ya maafisa. Koplo angeyajulia wapi?"

Maana ulistaafu ukiwa koplo. Cheti chako cha kuachia jeshi kilisema hivyo, nilikuwa nimekiona sandukuni. Na katika hadithi zako ulikuwa sajini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimejifunza kwamba mwanahistoria hulinganisha ushahidi, na nikaona nimekunasa. Nilidhani umejipandisha cheo ili hadithi ipendeze, na kama ulidanganya hilo, basi na beji ni uongo.

Ulinitazama kidogo. Hukukasirika. "Kweli," ulisema. "Koplo hajui mengi." Ukarudi barazani, nikasikia cherehani ikianza tena.

Hukuisimulia hadithi hiyo tena. Kwa zaidi ya miaka ishirini, Baba. Wajukuu walipokuomba uwaambie ya jeshini, uliwapa ya mbio za uwanja wa Voi, na ya mpishi aliyetia sukari kwenye maharagwe. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikijua ni ipi unayoiruka.

Mwaka jana nilipoombwa kuandika sura moja ya kitabu cha historia kwa shule zetu za sekondari, nilijiambia sasa ndipo. Nitakuja na kinasa sauti, nitakuomba msamaha, utanisimulia mwanzo mpaka mwisho. Nilipanga nije likizo ya Agosti. Kiharusi kilikuja Julai.

Pale hospitalini mdomo wako ulikuwa umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia umekufa. Nilikaa kitandani pako na daftari kama mjinga. Nilikuambia, Baba, naomba unisamehe kwa lile neno, naomba unieleze beji. Sijui kama ulinisikia. Ulichofanya ni kuinua mkono wa kushoto na kuanza kuvuta kitu hewani juu ya blanketi, juu na chini, juu na chini, vidole viwili vimebanana. Muuguzi alidhani unataka kung'oa mpira wa dripu, akaushika mkono wako akaulaza. Mimi nilijua unafanya nini, na sikumzuia. Asubuhi ya Alhamisi nilitoka kwenda kukuletea uji. Niliporudi walikuwa wameshavuta pazia.

Siku ya mazishi niliusoma wasifu wako mimi mwenyewe. Nilisoma, "Alilitumikia jeshi kwa miaka ishirini, akastaafu akiwa koplo." Hapo mzee mmoja aliyekaa nyuma, mrefu, mwenye koti zito licha ya jua, alinyanyuka akatoka nje ya hema. Nilidhani ni joto. Baada ya mchanga kurudishwa na watu kwenda kula, alikuja tulipokuwa mimi na Mama, akaomba tukae naye faragha. Alisema anaitwa Mutiso, anatoka Chala, alikuwa fundi chini yako karakanani. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, Taveta hadi Voi, Voi hadi Maungu, kisha akapanda bodaboda mpaka huku, na umri wake ule.

Akatueleza. Ile jozi iliyoharibika ilipaswa kuchomwa moto mbele ya afisa na kuandikwa kwenye daftari la karakana, kama kila beji iliyoharibika. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, maana beji ya cheo ikizagaa mtu anaweza kujifanya afisa. Mutiso aliichukua. Hakuwa na nia ya kuiuza. Alitaka tu mkewe aione. "Nilitaka aone kitu ambacho mikono yetu imefanya," alisema, "kitu ambacho nchi nzima hakuna." Kesho yake asubuhi beji zikahesabiwa, jozi ikakosekana, karakana ikafungwa. Mkewe aliposikia nyumba zinapekuliwa aliitupa jikoni, ikaungua. Hapakuwa na cha kurudisha.

Mafundi wote walipangwa mstari. Mutiso alisema alikuwa akitazama viatu vyake tu. Ulimtazama, ukajua. Ukatoka mbele ya mstari ukasema ni wewe, umeichoma mwenyewe bila shahidi, umesahau utaratibu kwa ajili ya haraka ya kazi. Walikuuliza mara tatu, mara tatu ukajibu vilevile. Ukashushwa cheo siku hiyohiyo, na ukaambiwa ulifumue tepe mwenyewe, pale mezani pako, wenzako wakitazama. Mutiso ndiye aliyekupa wembe.

Jioni alikufuata akilia, anataka kwenda kukiri. Ukamkataza. Haya ndiyo maneno yako, kama alivyoyashika miaka hii yote: "Wewe una watoto watatu, wanakula. Mimi nina mmoja, na bado yuko tumboni."

Huyo wa tumboni ni mimi, Baba.

Sikumpa mkono Mzee Mutiso alipoaga. Mama alimpa, mimi sikumpa. Alipoondoka nilimgeukia Mama nimuulize kama ameyasikia haya, nikamkuta ametulia. Akasema, "Nilijua. Nilimwona akirudi na shati lenye alama ya matepe matatu na yamebaki mawili. Kitambaa cha chini kilikuwa hakijapauka." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile niliyokuita koplo. Alikuwa jikoni na mimi, alisikia. Mama alisema alitaka kuniambia hapohapo, akakufuata barazani kukuomba ruhusa, nawe ukamwambia, "Mwache. Amesoma. Akijua, atabeba hatia isiyo yake."

Kwa hiyo nimeibeba sasa, na uzito wake wewe hukuupima vizuri.

Nilimchukia yule mzee kwa miezi mingi. Nakuambia ukweli maana hakuna faida ya kukuficha. Nilikuwa nikisimama mbele ya kidato cha tatu nikifundisha habari nyingine kabisa, na kichwani namwona akila chakula na watoto wake kwa tepe lako. Nikaamua nitaandika kila kitu, jina lake na la kijiji chake, na vitukuu wake wasome. Likizo ya Aprili nikaenda Chala na daftari.

Nilimkuta kwenye migomba, anapalilia. Ameinama mno sasa, hakuniona mpaka nilipomwamkia. Alinipeleka kivulini, mkewe hayupo tena, akaniletea maji mwenyewe. Nikamwambia nimekuja kuandika. Nilitegemea aniombe nifiche jina. Alisema, "Andika, mwanangu. Nilimwandikia baba yako kila mwaka nikimwomba aniruhusu niseme, na kila mwaka alijibu neno moja, lea watoto. Nimewalea. Ninachokuomba ni Jumapili moja tu, niwaite niwaambie kwa mdomo wangu kabla hawajasoma kwako."

Nilikuwa nimefunga safari nzima nikiwa na hasira, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Nikalifunga daftari. Tulikaa tukazungumza juu yako hadi mchana. Alinieleza ulivyokuwa ukiimba puani ukishona, wimbo wa kanisa mstari mmoja tu unaourudia, na mimi nikamwambia uliendelea nao hadi mwisho. Alinichorea kwenye vumbi jinsi ulivyopitisha uzi wa dhahabu chini ya nembo ili isiiname tena. Mwanahistoria ndani yangu aliandika kila kitu. Mtoto wako alikuwa analia. Nilipoondoka nilimpa mkono, nikauacha ukae ndani ya wake.

Jumapili hiyo aliwaambia. Wa kwanza alikasirika, akatoka nje, sijui kama wameshapatana. Lakini yule wa mwisho, Kioko, aliyezaliwa baada ya mambo haya yote, ni mwanajeshi. Ni meja. Majuma matatu yaliyopita aliniandikia kwenye simu akiniuliza kama anaweza kuja Kasigau.

Alikuja Jumamosi iliyofuata amevaa kiraia, shati jeupe na suruali ya kaki. Mama alimkaribisha chai, akaikataa kwa adabu, akasema angependa kwanza afike kaburini. Tukampeleka. Udongo ulikuwa umetawanywa na ndovu, msalaba umeegemea, na lile jina lako na neno "Koplo" limechubuka kidogo. Alisimama mguuni pako, akaunganisha visigino, mikono ubavuni, kifua mbele, akakaa hivyo. Ilikuwa saa sita ya jua kali. Nilimwona jasho likimshuka shingoni na hakulifuta. Mama alichoka kusimama akakaa chini, na Meja bado amesimama.

Alipolegeza, Mama alimuuliza, kwa ile sauti yake ya kuuliza mambo kama mtoto, mbona hakupiga saluti.

"Mama, bila kofia haturuhusiwi," alisema. Kisha akaongeza, "Na kwa kawaida koplo ndiye angesimama wima mbele yangu mimi."

Mama akatikisa kichwa. Meja akaomba jembe. Alikunja mikono ya shati akalirudisha kaburi lako katika umbo lake, akaunyoosha msalaba, akaukandamizia mawe, na jioni alipomaliza ndipo akanywa chai, vikombe vitatu.

Kabla hajaondoka aliniuliza kama tungependa aandike barua makao makuu, cheo chako kirejeshwe, hata kama ni baada ya kifo. Alisema baba yake yuko tayari kuapa. Nilitaka kusema ndiyo mara moja. Nikamtazama Mama. Mama alisema, "Walimpa usajini wao. Ukoplo aliuchagua mwenyewe. Uacheni."

Basi tumeuacha, Baba. Natumaini sikukosea.

Sura ya kitabu nimeimaliza jana. Ndani yake kuna taji na nembo, brigedia na luteni jenerali, na ile nafasi tupu ya juu. Kuna karakana yenye meza ndefu, na mafundi wasio na sampuli wanaopekua makabati. Kuna jozi iliyoinama na jozi iliyokubali. Mzee Mutiso nimemsomea yote kwa simu, akasema niandike pia kwamba uliimba.

Sasa nimekaa hapa na sijui jinsi ya kukuaga. Hospitalini sikukuaga, nilisema tu naja na uji. Nenda salama, Baba. Nisamehe kwa neno la jikoni, na kama ulishanisamehe siku ileile, kama Mama anavyosema, basi nisaidie na mimi nijisamehe. Mama nitamtunza. Ua wa bonde nitaujenga upya kabla ya mvua, na nikija kila mwisho wa mwezi nitapita kwako kwanza, ndipo niingie nyumbani.

Na hili nakuahidi kama mwalimu na kama mtoto wako: popote nitakapoiandika historia hii, sitakupandisha cheo. Nitaandika koplo, kisha nitaandika ulichofanya.

Ni mimi, wa tumboni,
Wakesho